Somo: Kumchora kaloli kwa katuni ya gazeti

Wengi wanaoanza kuchora wanyama wa katuni hukimbilia simba. Wewe uliye Kampala anza na kaloli, yule korongo mkubwa anayezunguka majalalani. Yupo kila siku na hawaogopi watu, kwa hiyo utamchora akiwa mbele yako, si kutoka kwenye picha ya mtu mwingine.

Hatua ya 1: Mtazame. Kimo chake hufika mita 1.5. Kichwa kina upara, mdomo ni mnene, shingoni huning'inia mfuko wa rangi ya waridi, na mabawa yakikunjwa humkaa mgongoni kama koti jeusi. Miguu inaonekana myeupe, lakini ngozi yenyewe ni ya kijivu iliyokolea: hujinyea miguuni ili unyevu ukikauka umpunguzie joto. Kwa hiyo usiipake wino, iache nyeupe.

Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja ukikuze. Hapa ndipo kazi ilipo. Ukikuza mdomo, mfuko na miguu kwa pamoja, hakuna kitakachoonekana kikubwa. Mhusika wako ni mlafi? Kuza mfuko, fupisha miguu. Ni mzee anayeamua kesi za kijiji? Inua mabega, kichwa kizame katikati yake. Sipendi kabisa katuni ambamo mnyama ni mtu tu aliyevikwa kichwa cha ndege. Kaloli akae, atembee na akasirike kikaloli.

Hatua ya 3: Jaribu kivuli. Jaza umbo lote weusi. Asipotambulika, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: Andika maneno kabla ya kutia wino. Anayesema kwanza akae kushoto.

Hatua ya 5: Tia wino ukiifikiria karatasi. Karatasi ya gazeti hunyonya wino. Mistari hunenepa, na iliyobanana huungana ikawa doa. Tena mchoro hupunguzwa ukubwa unapochapwa. Mstari wa milimita 0.2 ukipunguzwa nusu unabaki 0.1, na unaweza kukatikakatika. Mistari ya nje iwe minene, manyoya uyaonyeshe kwa mikwaruzo michache tu.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Jinja: Mwalimu, naweza kumtumia korongo taji?*
Unaweza, ila kumbuka yumo kwenye bendera tangu 1962, mguu mmoja juu. Ukimchora amelewa, msomaji ataona unaisema nchi. Kama ndiyo nia yako, sawa. Kama sivyo, tafuta ndege mwingine. Na taji lake lichore kwa nyuzi chache nene, zisije zikaungana.

*Kutoka Arua: Mimi nachorea kwenye simu. Gazeti litapokea?*
Simu si tatizo. Mistari myeusi itoe kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, kwa ukubwa utakaochapwa. Kisha ichapishe kwenye karatasi ya kawaida uitazame ukiwa umenyoosha mkono, maana kwenye kioo unavuta picha na kujidanganya.

*Kutoka Mbarara: Mwalimu, pembe za ng'ombe wa Ankole hazienei kwenye kisanduku. Nizifupishe?*
Hapana, ndugu yangu! Pembe ndizo ng'ombe mwenyewe. Punguza mwili, na pembe ziache zitoboe mstari wa kisanduku ziingie kwa jirani. Hata mhusika wa kisanduku cha pili anaweza kutundika kofia yake hapo.