Kutafuta vyura usiku wa mvua Dodoma bila kuwadhuru

Salamanda ni jamaa wa vyura wenye mkia na umbo la mjusi. Wengi wa misituni na mapangoni huko Amerika, wa familia ya Plethodontidae, hawana mapafu kabisa. Wanapumua kwa ngozi na utando wa kinywa, na ngozi ikikauka wanakufa. Tanzania hatuna salamanda. Tuna vyura, na ingawa wana mapafu, ngozi yao nayo inapitisha hewa, maji na sumu. Kwa hiyo usiku huo usijipake dawa ya mbu mikononi. Vaa shati la mikono mirefu.

Subiri mvua kubwa za mwanzo, kwa kawaida Desemba. Nenda usiku wa kwanza au wa pili, kwenye madimbwi ya mbugani na kingo za malambo. Mchana mwone mwenyekiti wa kitongoji, maana tochi zikizunguka mashambani usiku huzua taharuki. Buti za mpira ni lazima: moma naye hufuata vyura.

Fika saa moja na nusu usiku, zima tochi, sikiliza dakika 5. Chura aitwaye Kassina senegalensis hulia kama tone linaloangukia mtungini, na mara nyingi utamsikia tu bila kumwona. Kisha washa tochi ya kichwani, zunguka ukingo polepole dakika 30, uangalie pia matawi yaliyoinamia maji: povu jeupe pale ni kiota cha Chiromantis, chura wa mitini. Usiliguse, mayai yamo ndani.

Ukimshika chura, lowesha mikono kwanza kwa maji ya dimbwi hilohilo. Mweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko uliotobolewa na maji kidogo chini, kila mmoja kopo lake. Hili msilipuuze. Phrynomantis bifasciatus, mweusi mwenye mistari miwili myekundu, anayetembea badala ya kuruka, hutoa sumu inayoweza kuua vyura wengine koponi. Ukimgusa, nawa kabla ya kushika macho. Pima, piga picha, mrudishe palepale. Kumchukua ni suala la kibali.

Kabla ya kwenda dimbwi jingine, sugua tope lote kwenye buti, kwani tope hudhoofisha klorini. Changanya dawa ya klorini ya asilimia 3.5 sehemu 2 na maji sehemu 5, loweka dakika 1, mbali na maji ya vyura. Suuza, anika juani zikauke kabisa. Kuvu wa ngozi anayeua vyura, ambaye buti zinaweza kumbeba kutoka dimbwi hadi dimbwi, hastahimili ukavu.