Ekstensheni ya gurudumu: fungua waya wote kwanza

Kabla sijawasha chochote kwenye ekstensheni ya gurudumu (ile ambayo waya wake mrefu huviringwa kwenye gurudumu), navuta waya wote mpaka mwisho, hata kama kazi iko mita 3 tu kutoka kwenye soketi. Nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa nakata vyuma kwa grenda, waya mwingi nimeuacha umeviringwa, mara nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Mizunguko ya ndani ilikuwa imelainika na kugandana, haitenganishiki tena.

Umeme ukipita, waya hupata joto. Ukiwa umenyooshwa, joto hilo linatoka. Ukiwa umeviringwa, kila mzunguko unampasha mwenzake. Ndiyo maana lebo nyingi zina namba mbili, kwa mfano wati 1000 waya ukiwa umeviringwa na wati 3000 ukiwa umefunguliwa wote. Jumlisha wati za vifaa vyako. Hita ya wati 2000 na birika la wati 2000 vikiwaka pamoja, umeshavuka.

Kitufe cha usalama cha gurudumu, kile kinachokata umeme joto likizidi, kikiruka, tafadhali usikimbilie kukirudisha. Chomoa, fungua waya uliobaki, punguza mzigo, subiri upoe.

Waya usipite chini ya zulia, wala mlangoni unapobanwa, wala penye maji.

Kukunja: chomoa ukutani kwanza. Mimi naupitisha waya kwenye kitambaa kikavu huku nazungusha mkono wa gurudumu polepole; vidole vinagundua mpasuko ambao macho yameuruka. Nikiukuta, gurudumu linaenda kwa fundi. Selotepu siyo matengenezo.