Vya Kuepuka Kula na Kunywa Kabla ya Kipimo cha Moyo cha Mazoezi

Kipimo hiki huonyesha kama misuli ya moyo inapata damu ya kutosha pale moyo unapolazimika kufanya kazi kubwa. Mgonjwa hutembea juu ya mashine ambayo, kwa utaratibu uliozoeleka zaidi, huongeza kasi na mwinuko kila baada ya dakika 3. Asiyeweza kutembea huchomwa dawa kama adenosini, ambayo hutanua mishipa ya moyo. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya moyo, na maelekezo haya ndiyo ninayowapa wagonjwa wetu.

Hatua ya 1: Uliza utapimwa kwa njia ipi. Ukichomwa dawa, suala la kafeini halina mjadala.

Hatua ya 2: Acha kafeini saa 24 kabla. Kafeini hukalia sehemu zile zile ambazo adenosini inapaswa kushika, hivyo mishipa haitanuki inavyotakiwa, na mtu mwenye mshipa ulioziba anaweza kurudi nyumbani na majibu yanayosema yuko salama. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Wengi huacha kahawa lakini hunywa chai ya rangi au ya maziwa, kwa sababu hawaihesabu kuwa ina kafeini. Acha pia soda za kola, kakao, chokoleti, vinywaji vya kuongeza nguvu, na hata kahawa iliyoondolewa kafeini, kwani hubaki nayo kidogo. Soma pia maboksi ya dawa za maumivu: kidonge kimoja cha Panadol Extra kina miligramu 65 za kafeini. Ukitamani kitu cha moto, chemsha tangawizi au mchaichai bila majani ya chai.

Hatua ya 3: Usitafune miraa, usivute sigara na usinywe pombe kuanzia siku iliyotangulia. Miraa na sigara huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu kabla kipimo hakijaanza.

Hatua ya 4: Usile chochote saa 4 za mwisho. Kipimo kikiwa saa 3 asubuhi, mlo wa mwisho uishe saa 11 alfajiri, nao uwe mwepesi, usio na mafuta mengi, maana tumbo lililojaa huleta kichefuchefu. Maji kidogo yanaruhusiwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini apewe kwanza maelekezo na daktari wake, kwa sababu kuchoma dozi ya kawaida bila kula kunaweza kushusha sukari kwa kiwango cha hatari.

Hatua ya 5: Usiache dawa kwa uamuzi wako. Atenololi na bisoprololi huzuia mapigo kupanda, na tiofilini ya pumu hupinga adenosini kama kafeini inavyofanya, lakini ni daktari anayeamua ipi isimamishwe na kwa muda gani. Kuacha atenololi ghafla kunaweza kuamsha maumivu ya kifua.

Ukisahau ukanywa chai, mwambie muuguzi kabla hujachomwa sindano, ili upangiwe siku nyingine.