Kabla hujaifikisha programu-jalizi yako kwenye Linux iliyo ndani ya Windows

Ombi lilitoka kwa vijana ninaokaa nao jioni hapa Shangani, Mtwara, wanaoandika programu ya kupiga hesabu za mizani ya korosho. Kihariri chao cha msimbo kiko Windows, zana zao zote ziko Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) ndani ya WSL, yaani sehemu ya Windows inayoendesha Linux, na programu-jalizi yangu, nyongeza ya kihariri ya kukagua makosa, ilikuwa haioni chochote huko ndani. Nilidhani ni kazi ya jioni moja: weka `wsl.exe`, inayoipeleka amri Linux, mbele ya amri, basi. Imenila wiki tatu.

Kwanza kabisa amua nani anakaa wapi. Kihariri cha Visual Studio Code, tangu 2019, inaweza kupeleka nusu yake ndani ya Linux na programu-jalizi ikaendeshwa hukohuko. Ukifuata njia hiyo, tangaza `extensionKind` (mpangilio unaosema programu-jalizi iendeshwe wapi) kuwa `workspace`, na kama umebeba faili zilizokwisha kukompailiwa, hakikisha za Linux zimo. Lakini kihariri chako kikibaki Windows na kuita zana kwa mbali, mzigo wa kutafsiri njia za faili ni wako. Mimi nilikuwa kwenye fungu hili la pili.

Na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Folda iliyo `C:\Users` huku, kule inaitwa `/mnt/c/Users`. Faili iliyo `/home` kule, huku inaonekana kama `\\wsl.localhost\Ubuntu\home`, na kwenye mashine za zamani kidogo ni `\\wsl$`. Kuna zana ya `wslpath` inayogeuza pande zote mbili, ila kuiita kwa kila faili kunachelewesha, kwa hiyo hifadhi majibu yake. Usisahau safari ya kurudi! Mimi nilitafsiri ya kwenda tu. Makosa yakaorodheshwa vizuri, lakini ukibofya mstari, hakuna kinachofunguka, kwa sababu kikaguzi kilikuwa kinajibu kwa anwani za Linux. Jaribu pia folda yenye nafasi katika jina. Ya vijana wangu inaitwa `Korosho Mpya`, na nafasi hiyo moja iliikata amri yangu vipande viwili mpaka nilipoanza kupitisha kila hoja peke yake badala ya kuziunga katika mstari mmoja.

Kama unatumia seva ya lugha (programu ya pembeni inayokisomea kihariri msimbo na kukipa makosa), tazama `processId`. Kihariri hutuma namba ya mchakato wake ili seva ijizime kihariri kikifa. Namba ya Windows haina maana ndani ya Linux: seva inaitafuta, haiioni, inajizima kimya bila hata ujumbe wa kosa. Kanuni za itifaki ya mawasiliano yao zinaruhusu kutuma `null`, yaani hakuna namba. Tuma hiyo. Nilipoteza siku tatu hapa, na sipendi mwingine azipoteze.

Mengine ni madogo. Amri inayopitia `wsl.exe` haipati yale uliyoyaweka kwenye `.bashrc` (faili ya mipangilio ya dirisha la amri), ndiyo maana Node (kiendesha JavaScript) iliyosakinishwa kwa nvm, zana ya kusimamia matoleo yake, "haipo". Majibu ya `wsl -l`, inayoorodhesha Linux zilizosakinishwa, huja kwa UTF-16 (namna nyingine ya kuandika herufi), herufi zikionekana kama zimeachanishwa; weka kigeu cha mazingira `WSL_UTF8=1` ili zije kwa UTF-8. Na katika WSL 2, programu iliyo Linux haipati taarifa faili za `/mnt/c` zinapobadilishwa kutoka Windows, kwa hiyo washauri watumiaji waweke mradi ndani ya `/home`. Huko hata zana za Linux husoma faili kwa wepesi zaidi.

Zikague na mashine zenyewe. `wsl -l -v` itakuonyesha nani ana toleo la 1 na nani la 2. WSL 2 ni mashine pepe yenye kiini halisi cha Linux, na isipowekewa mpaka inaweza kufika nusu ya kumbukumbu ya kompyuta; kwa laptopu ya GB 4 weka `memory=` kwenye `.wslconfig`, faili ya mipangilio ya WSL, kabla ya kulaumu msimbo wako. Kuhusu bando: si lazima kila mtu apakue Ubuntu yake. Mmoja apakue, aitoe kwa `wsl --export`, wenzake waichukue kwa flashi na kuiingiza kwa `wsl --import`. Lifanyeni hilo kabla mwenye mashine hajaweka funguo zake za SSH (za siri, za kuingilia seva nyingine), kwa maana faili hiyo inabeba kila kitu kilichomo.