Ramani ya nyumba: pima watu kwanza, kuta baadaye

Ramani ya kwanza niliyoipenda nilitumiwa WhatsApp na shemeji yangu wa Dar es Salaam. Mbele ilikuwa na nguzo mbili nene, paa limejificha nyuma ya ukuta, vioo kutoka chini hadi juu, na gari jeupe ambalo hatuna. Nikampelekea mama mkwe simu aione. Akarekebisha miwani, akaitazama weee, kisha akauliza: "Mwanangu, choo changu kiko wapi hapa?" Nikakuza picha kwa vidole. Choo kilikuwa upande wa pili wa sebule, unakatiza mbele ya televisheni, halafu unashuka ngazi tatu. Mama ana magoti mabovu. Tukaanza upya.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule Moshi mjini. Ujenzi nimeujulia kwenye nyumba yetu huku Uru, mlimani juu ya Moshi, tuliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka minne, hela ya kikoba ikiingia tunanunua mifuko ya saruji. Ramani tumelipia mbili. Naandika ili wewe ulipie moja.

Kabla hujafungua picha yoyote, chukua daftari uandike siku moja ya nyumbani kwenu, saa kwa saa. Nani anaamka wa kwanza na anapita wapi? Sisi mume wangu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anachemsha maji, anaondoka. Jiko likiwa ukuta mmoja na chumba cha watoto, nyumba nzima imeamka. Saa kumi na mbili watoto watatu wanagombania bafu moja. Jioni mimi naleta mashati ya kumalizia vifungo, nahitaji taa nzuri na meza ambayo si ya kulia. Mama analala saa mbili usiku na anaamka mara tatu kwenda haja. Ukishaandika hayo, ramani nyingi zinajikataa zenyewe.

Kisha andika Desemba. Mwenye kwao Kilimanjaro anajua ninachosema: Krismasi inapokaribia, magari kutoka Dar na Dodoma yanapandisha, na nyumba ya watu sita inalaza watu ishirini. Vijana wanatandika magodoro sebuleni. Sasa kama njia ya kwenda choo cha wote inapita katikati ya sebule, usiku kucha kuna mtu anakanyagwa. Kwetu tulitaka choo kinachofikika kutoka koridoni, na kingine cha nje karibu na jiko la kuni, kwa sababu sufuria la machalari, zile ndizi za nyama, la watu ishirini halipikwi juu ya jiko la gesi la plate mbili.

Sasa vipimo. Hapa ufundi wangu ulinisaidia. Ukikata kitambaa kwa kipimo cha mwili kamili bila kuacha nafasi ya mshono, shati halimtoshi mtoto. Ramani nyingi zina mtego huohuo: "3.0 x 3.0" iliyoandikwa chumbani mara nyingi imepimwa kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta. Ukuta wa tofali la inchi 6 unakula sentimita 15, yaani saba na nusu kila upande. Ongeza lipu, sentimita moja na nusu kila uso. Chumba chako cha mita tatu kinabaki mita 2.82. Weka kitanda cha tano kwa sita, ambacho urefu wake ni mita 1.83. Weka kabati la nguo lenye kina cha sentimita 60 mbele ya miguu ya kitanda. Kilichobaki ni sentimita 39, na hapo ubao wa kichwani mwa kitanda bado sijauhesabu. Sentimita 39 unapita kwa ubavu, kama upo kwenye daladala ya Kiboriloni saa kumi na mbili jioni.

Kwa hiyo muulize mchoraji swali moja: kipimo hiki ni cha ndani au cha katikati ya ukuta? Akisitasita, mwambie akuandikie vya ndani, baada ya lipu. Halafu pima vitu vyako mwenyewe kwa tepu: kitanda, kabati, friji na mlango wake ukiwa wazi, seti ya makochi. Makochi hasa. Wengi tunajenga sebule halafu tunanunua makochi makubwa kuliko sebule. Mimi nilikata vipande vya gazeti kwa kipimo, kila sentimita 1 ya karatasi kwa sentimita 50 za kweli, nikawa navisogeza juu ya ramani usiku mezani. Mtoto wangu wa mwisho alifikiri ni mchezo, na kusema kweli yeye ndiye aliyegundua kwamba mlango wa chumba cha masta ukifunguka unagonga kabati.

Koridoo nazo ziangalie kwa jicho kali. Koridoo ya mita 1.2 kwa mita 7 ni mita za mraba 8.4. Chumba cha watoto cha tatu kwa tatu ni 9. Umejenga chumba kizima cha kupita tu, chenye msingi, jamvi la zege, paa na marumaru. Ramani yetu ya pili ilikuwa na koridoo ya mita nane. Tukaikata hadi mita nne kwa kuhamisha mlango wa chumba kimoja.

Halafu kiwanja. Huku juu hakuna kiwanja cha sahani. Chetu kinashuka kuelekea kusini, mlima uko mgongoni, barabara iko chini. Ile ramani ya Dar ilikuwa nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma, mita 10 kwa 16, kwa sababu viwanja vya kule vingi ni hivyo. Fundi wetu mzee akaja na mpira mwembamba unaoonekana maji, akaujaza, akasimamisha ncha moja juu na nyingine chini mita 16, maji yakatulia, akapima tofauti: mita 1 na sentimita 40. Maana yake ukilaza nyumba hiyo kwa urefu kwenye mteremko, msingi wa chini unanyanyuka karibu mita moja na nusu kabla hujaanza kuhesabu chumba. Ukiilaza ubavu, urefu wake ukifuata mlalo wa kilima, mteremko unaoupambania ni wa mita 10 tu, kama sentimita 88. Umeokoa kama kozi tatu za tofali za kulaza upande wote wa chini, pamoja na kifusi cha kujaza na ngazi za kumpandisha bibi. Kazi hiyo ya mpira ilichukua dakika ishirini na alikunywa chai tu. Ifanye kabla ya kulipia mchoro.

Kulaza nyumba hivyo kulitupa na faida nyingine ambayo hatukuifikiria. Sisi tuko karibu sana na Ikweta, nyuzi tatu na kidogo kusini, kwa hiyo jua la mchana linapita karibu utosini. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini, na paa lenye ukingo wa kutosha linalikinga pande zote mbili. Jua linalochoma ukuta kweli ni la asubuhi mashariki na la alasiri magharibi. Kuta ndefu zikitazama kaskazini na kusini, ni zile fupi mbili tu zinazopigwa. Upande wa magharibi weka vyoo, stoo, makabati. Usiweke dirisha kubwa la chumba cha kulala pale, utalala ndani ya tanuri mwezi wa pili. Ila vioo vikubwa vya mtindo wa Dar mimi sivitaki hata upande mwingine: wao wanautafuta upepo, sisi Julai tunaukimbia.

Ramani tuliyoichukua ilikuwa na vyoo mashariki. Na kona ya chini ya mashariki ya kiwanja chetu kunapita mfongo, ule mfereji wa asili ambao majirani wa chini wanamwagilia migomba na mboga. Shimo la choo huliweki karibu na mfongo, hilo halihitaji hata mwenyekiti wa kitongoji akuambie. Tungeweza kuvuta bomba kuzunguka nyumba nzima hadi upande wa pili, tukaona ni ujinga. Tukaipindua ramani kama unavyoiona kwenye kioo: kulia ikawa kushoto. Vyoo vikaenda magharibi, shimo likakaa kona ya chini mbali na mfongo, bomba fupi na lenye mteremko mzuri, jiko likapata jua la asubuhi.

Kupindua ramani ni rahisi na ni bure karibu, ila sikiliza yaliyotupata. Mchoraji alitutolea karatasi mpya, na mimi nikaacha ya zamani kwenye mfuko pale saiti. Fundi umeme akaja siku ambayo sipo, akachukua aliyoikuta. Chumba cha watoto mpaka leo swichi iko nyuma ya mlango. Unaingia gizani, unafunga mlango, ndipo unawasha taa. Karatasi ya zamani ichome moto siku hiyohiyo, hata kabla ya chai.

Ramani nyingi zinageuzia mlima mgongo. Mbele ni barabarani, kwa hiyo baraza, nguzo na mapambo yote vinatazama vumbi, na nyuma kunabaki stoo na kamba ya nguo. Sisi tulichukua mita moja na nusu kutoka stoo, tukatengeneza kibaraza kidogo nyuma, kinatoka moja kwa moja chumba cha kulia. Kibo, kilele cha mlima wetu, inafunguka alfajiri, mchana inajifunika mawingu, jioni mara nyingine inarudi. Mama anakaa pale anachambua maharage. Kati ya mabadiliko yote hilo ndilo lililotugharimu kidogo na tunalitumia kila siku.

Mabadiliko mengine si ya kuchezea. Tulitaka kuondoa ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia ili pawe wazi, mita 4 na nusu. Fundi akasema hamna shida, tunaongeza nondo mbili kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Ule ukuta kenchi, zile mbao zinazobeba bati, zilikuwa zinaukalia. Tukamlipa mhandisi aje atazame mchoro, akatuandikia bimu yenyewe, kina chake na nondo zake, na bei ikatufanya tuache nguzo moja katikati. Ninaiegemea kila siku na siijutii. Kanuni yangu: mlango na dirisha hamisha na mchoraji, ukuta unaobeba paa usiuguse bila mhandisi, hata fundi awe amejenga nusu ya Moshi.

Kuhusu paa la kujificha, kila mtu analitaka siku hizi. Kwenye picha linapendeza. Lakini maji yake yanaingia kwenye mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta, na kiwanja chetu kimezungukwa na migrevilea inayodondosha majani mwaka mzima. Masika ya Aprili huku hayabembelezi: mfereji ukiziba, maji yanatafuta njia kwenye dari yako. Tukarudi kwenye paa la kawaida la mteremko, mgongo wa tembo, bila makona mengi. Kila kona ya ziada kwenye ramani ni msingi wa kona, na huko juu ni bonde la bati linalosubiri kuvuja. Paa rahisi pia linavuna maji vizuri. La mita za mraba 160, mvua ya milimita 10 tu inakuletea kama lita 1,600, kabla ya kutoa kinachomwagika. Kwa hiyo onyesha kwenye ramani tanki litakaa wapi, na lisiwe mbele ya dirisha la mtu.

Jiko ni fupi: mtungi wa gesi ukae nje kwenye kibanda chenye matundu ya chini, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na inatambaa sakafuni. Mkaa na kuni vikae nje kabisa. Mlango wa chumba cha mama uwe sentimita 90.

Yote hayo yafanye kabla ya kupeleka michoro kuomba kibali halmashauri au manispaa. Uliza pia unatakiwa uache nafasi gani kutoka mpakani na barabarani, uipate kabla mchoraji hajaanza, si baada. Ukibadilisha ramani ikiwa imeshapigwa mhuri, inabidi uirudishe.

Na kabla ya jembe la kwanza, lete majivu. Tulimwaga majivu ya jikoni kwenye nyasi kufuata kuta zote, tukaacha mapengo ya milango, Jumapili baada ya misa. Watoto wakaingia "vyumbani" kwao wakalala chini. Mimi nikabeba ndoo tupu kutoka jikoni hadi jiko la nje mara tano. Mume wangu akasimama "mlangoni" akijifanya mgeni, akagundua kwamba akiingia tu anatazamana na mlango wa choo, na meza ya chakula iko katikati. Ule mlango wa choo tuliusogeza sentimita 80 palepale kwa kuufuta kwa mguu. Mama mkwe akatembea na fimbo yake kutoka kitandani hadi chooni akihesabu. Hatua tisa. Akasema zipungue, tukazifanya sita.