Kukagua silaha za tamthilia ya kauboi: mwaka kwanza, bunduki baadaye

Kabla hujaangalia bunduki yoyote, tafuta mwaka wa hadithi. Uandike juu ya karatasi, kisha kila silaha inayoonekana ipe mstari wake: nani kaishika, ni ya aina gani, ilianza kutengenezwa lini. Silaha inaruhusiwa kuwa kuukuu kuliko hadithi, ila haiwezi kuwa changa kuliko hadithi. Mchungaji wa ng'ombe wa Texas hakununua bastola mpya kila kiwanda kilipotoa toleo, kwa hiyo ukiwa na shaka, rudi nyuma miaka kumi. Utakosea mara chache.

Hadithi ikiwa kabla ya 1870, bastola ziwe za fataki (kikofia kidogo cha kuwasha baruti kinachopigwa na nyundo): Colt Navy ya 1851 (.36, kipimo cha upana wa tundu la mtutu kwa inchi), Colt Army ya 1860 (.44) au Remington. Hizi Colt mbili utazijua kwa kuwa hazina chuma kinachopita juu ya silinda (kipande kinachozunguka chenye chemba, yaani matundu ya risasi), Remington inacho. Kila chemba hujazwa kwa mbele kama gobori: baruti, kisha risasi ya mviringo inayoshindiliwa kwa wenzo ulio chini ya mtutu, halafu fataki nyuma. Mhusika akijaza zote sita huku anakimbia, ondoa onyesho hilo. Bastola za ganda la shaba zilichelewa kwa sababu hataza (haki ya kipekee ya uvumbuzi) ya Rollin White, ya silinda iliyotobolewa hadi nyuma, ilikuwa mikononi mwa kiwanda cha Smith & Wesson mpaka 1869. Ilipokwisha, viwanda vingine vikaanza kugeuza bastola za fataki zitumie maganda, na hizo zilizogeuzwa ndizo zinazofaa hasa kwa hadithi za 1871 hadi 1875, ingawa tamthilia nyingi huziruka.

Bastola ya Colt Single Action Army ilikuja 1873. Wapanda farasi wa jeshi walipewa yenye mtutu wa inchi saba na nusu, karibu sentimita 19. Askari wa farasi wa 1876 mwenye kimtutu cha sentimita 12 ni kosa. Kisha tazama mbele ya fremu, chini ya mtutu. Toleo la zamani lina skrubu inayoingia kutoka mbele kushika mhimili wa silinda. Likiwa na kitufe cha springi kinachopita ubavuni, hilo ni la miaka ya 1890 na kuendelea. Kamera ikiwa mbali haijalishi. Ikisogea karibu, mjuzi atakiona tu.

Sasa bunduki ndefu, na hapa ndipo pana makosa mengi kuliko kwingine kote. Bunduki ya wenzo (unaoshushwa na kupandishwa kwa mkono ili kupakia risasi) inayoonekana zaidi katika tamthilia za zamani ni Winchester ya 1892, hata pale hadithi ilipo miaka ishirini nyuma yake. Tamthilia ya televisheni The Rifleman, iliyorushwa 1958 hadi 1963, inasimulia miaka ya 1880, lakini bunduki maarufu ya mhusika wake mkuu, Lucas McCain, ni ya 1892. Sababu mojawapo ni risasi tupu, yaani ganda lenye baruti bila kichwa. Hollywood ilitumia aina moja iliyoitwa "5-in-1", iliyoingia katika bastola na bunduki za .38-40 na .44-40, pamoja na bastola za .45 Colt. Msimamizi wa silaha alibeba sanduku moja kwa wote, na Winchester ya 1892 ya .44-40 ikaingia humo bila taabu.

Zitofautishe hivi. Henry ya 1860 haina mbao chini ya mtutu, na hujazwa kwa mbele. Winchester ya 1866 ina mwili wa manjano unaong'aa na mbao chini ya mtutu. Ya 1873 ina mwili wa chuma, bamba kubwa ubavuni na kifuniko cha vumbi kinachoteleza juu. Ya 1892 ni nyembamba, haina bamba wala kifuniko, na nyuma yake huonekana vipande viwili vya kufungia kandokando ya boliti (chuma kinachoziba nyuma ya risasi). Jihadhari na ujanja wa zamani: Winchester ya 1892 iliyovuliwa mbao na kupakwa rangi ya dhahabu ili ipite kama Henry. Umbo la nyuma huiumbua.

Hesabu milio pia. Winchester ya 1873 yenye mtutu mrefu hubeba risasi 15, ile fupi 12. Colt ina chemba sita, lakini aliyejali mguu wake alijaza tano: jaza moja, ruka moja, jaza nne, vuta nyundo hadi mwisho kisha ishushe taratibu, itatua kwenye chemba tupu. Baruti nyeusi hutoa wingu jeupe zito, basi mapigano ndani ya baa yenye hewa safi ni ya kubuni. Mkoba wa bastola ukae juu kiunoni. Ule unaoning'inia pajani ni mtindo wa karne ya 20.

Kwenye seti, risasi za sanamu (zenye kichwa, bila baruti) zitikiswe moja moja mbele ya mshika bastola: ama gololi ndani ilie, ama pawe na tundu ubavuni. Isiyo na dalili hiyo isiingie kwenye silaha. Katika utengenezaji wa filamu ya Rust, New Mexico, tarehe 21 Oktoba 2021, risasi ya kweli ilikuwa ndani ya nakala ya Colt na ikamuua mpiga picha mkuu, Halyna Hutchins. Risasi tupu nazo si za mchezo: gesi yake ikitoka karibu na kichwa huua, kama ilivyompata mwigizaji Jon-Erik Hexum mwaka 1984.

Bajeti ikitosha kitu kimoja tu, nunua nakala ya Winchester ya 1873. Kiwanda cha Uberti cha Italia kinaitengeneza. Bastola hukaa mkobani nusu ya kipindi, lakini bunduki huonekana hata farasi akiwa mbali.