Muhuri wa mchoraji ni upi? Picha za Kichina za kuviringisha

Wengi wakikunjua picha ya Kichina wanakimbilia ule muhuri mwekundu mkubwa kuliko yote, eti huyo ndo mchoraji. Hapana jamani. Ile mikubwa mara nyingi ni ya waliowahi kuimiliki. Mfalme Qianlong, karne ya 18, aligonga mihuri kama karani wa forodha kwenye picha zilizochorwa na wengine, na kabla yake tajiri Xiang Yuanbian (1525–1590) alikuwa hivyo hivyo, kwahiyo picha moja unaikuta na mihuri kibao, wa mchoraji mwenyewe ni mmoja au miwili tu.

Mi naanzaga na wino mweusi. Tafuta maandishi, yanasomwa juu kwenda chini na mistari inaanzia kulia, na mwishoni kabisa ndo jina linapokaa, muhuri wake uko hapo hapo chini yake au ubavuni. Jina lenyewe saa ingine ni la kujipa. Mchoraji Qi Baishi (1864–1957) anasaini 白石, yani jiwe jeupe, na uzeeni anaandika na umri, ila huo umri usiuamini moja kwa moja maana 1937 aliruka kutoka 75 akajiita 77, kisa mpiga ramli alimwambia mwaka wake una nuksi! Zhu Da (1626–1705) yeye sahihi yake ya jina la kujipa, 八大山人 (Bada Shanren), anaibananisha mpaka inasomeka kama analia, au anacheka.

Tarehe nayo ina mtego. Mwaka unaandikwa kwa jina la kalenda ya zamani ya Kichina, mfano 甲子 (jiazi), na hilo jina linarudi kila baada ya miaka 60, ni 1864, ni 1924, ni 1984, we ndo uamue ipi.

Sasa muhuri. Kuna wa herufi nyekundu na kuna wa herufi nyeupe ndani ya wekundu, maandishi ya kizamani ambayo hata Wachina wengi yanawatoa jasho. Piga picha kwa simu, kuza, linganisha na picha za makumbusho: usiangalie umbo tu, angalia kona iliyomeguka, unene wa mistari. Ukiweka lensi ukaona vidoto vidoto vya rangi, hiyo imetoka kwenye mashine, irudishe. Na muhuri kulingana sio mwisho wa kesi, mchoraji Zhang Daqian (1899–1983) alighushi picha za wakale mpaka makumbusho zikanunua.

Huoni jina kabisa? Picha kubwa ya milima ya Fan Kuan, iliyoko Taipei, ilikaa karibu miaka elfu ndo jina lake likaonekana 1958, limejificha kwenye majani ya miti.